Jinsi ya kuufundisha moyo kutulia kwa mbio za taratibu, na jinsi ya kujua kama unatulia kweli

Watu wengi wakianza kukimbia wanaangalia vitu viwili tu, kilo zimepungua ngapi na kilomita moja wanaikata kwa dakika ngapi, na hivo vyote ni sawa, ila kuna kitu kingine kinabadilika ndani ambacho kwangu mimi ndo kikubwa kuliko vyote na karibu hakuna anayekifuatilia, nacho ni namna neva, yaani mishipa ya fahamu, zinavyouongoza moyo. Na uzuri wake huhitaji kwenda maabara wala kununua saa ya laki nane. Vidole viwili, saa yoyote yenye sekunde, daftari, na uvumilivu wa kukimbia taratibu kuliko unavyotamani, hapo ndo penye shughuli yenyewe.

Kwanza lazima ujue nani anaendesha moyo wako, maana bila hiyo namba zitakuchanganya.

Moyo unajipigia wenyewe. Juu kwenye chumba cha moyo cha upande wa kulia kuna kijisehemu kidogo cha seli zinazotoa umeme zenyewe bila kuambiwa na ubongo, na ukizikata neva zote zinazofika pale, moyo wa kijana mzima ungekuwa unapiga kama mara 100 kwa dakika hata akiwa amelala. Ndo maana watu waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine mapigo yao ya kupumzika huwa juu, kwenye 90 mpaka 100 hivi, sababu neva zilikatwa wakati wa upasuaji. Sasa wewe hapo umekaa unasoma, ukijipima utakuta labda 70. Hizo 30 zimeenda wapi? Zimezuiwa. Kuna neva inaitwa vagasi, inatoka chini kabisa ya ubongo, inashuka shingoni, inapita kifuani inagusa moyo na mapafu, inaendelea mpaka tumboni, na kazi yake kwenye moyo ni kumwaga kemikali inaitwa asetilikolini inayousimamisha simamisha ule umeme usiende mbio. Hiyo ndo breki. Upande wa pili kuna neva za simpathetiki zinazotoka kwenye uti wa mgongo, hizi zinamwaga noradrenalini, na tezi zilizokaa juu ya figo zinaongezea adrenalini kwenye damu, hapo ndo mafuta ya kuongeza mwendo, kama ya gari. Muda wote, hata usingizini, vyote viwili vinafanya kazi pamoja, na mapigo unayoyahesabu ni matokeo ya nani kakanyaga zaidi.

Kuna jaribio moja la zamani nalipenda sana. Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa Graz kule Austria, alichukua mioyo miwili ya chura, mmoja ukiwa na neva yake ya vagasi na mwingine hauna, akaichochea ile neva kwa umeme mpaka moyo wa kwanza ukapunguza mwendo, halafu akachukua yale maji yaliyokuwa yameuzunguka akayahamishia kwenye moyo wa pili. Na wa pili nao ukapunguza mwendo, bila neva yoyote! Alichapisha hiyo mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Yaani kumbe neva inaongea na moyo kwa kemikali, na kemikali hiyo inamwagwa na kusafishwa haraka mno, ndo maana breki ya vagasi inashika ndani ya pigo moja au mawili tu. Mafuta yenyewe yanachelewa, yanachukua sekunde kadhaa kupanda na yanachelewa pia kushuka. Hii tofauti ya kasi ikae kichwani, tutaitumia sana hapa chini.

Sasa ukianza kukimbia, zile sekunde za mwanzo mapigo yanaporuka kutoka 65 kwenda 95, hapo mwili umeachia breki tu. Ukiendelea kuongeza kasi, kuanzia kwenye 100 kwenda juu ndo simpathetiki inaingia kwa nguvu. Kwa hiyo mtu anayetembea kwa mwendo wa haraka na mtu anayekimbia mpaka anahema hawafanyi kitu kimoja kwa viwango tofauti, neva zao ziko kwenye hali mbili tofauti kabisa.

Mazoezi ya pumzi ya muda mrefu, kukimbia, baiskeli, kuogelea, hata kutembea kwa kasi kwa asiyezoea, yanabadilisha huu mchezo kwa njia kadhaa. Ndani ya siku chache za mwanzo maji ya damu yanaongezeka, damu inakuwa nyingi kidogo, moyo unajaa vizuri kabla ya kila pigo. Baada ya miezi chumba cha kushoto kinapanuka na kinasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo kazi ileile inahitaji mapigo machache. (Msweden anaitwa Henschen aligundua mwaka 1899 kwamba wachezaji wa ski, wale wanaoteleza kwenye theluji, wana mioyo mikubwa kuliko watu wengine, na alipima kwa kugonga gonga kifua kwa vidole tu, hakukuwa na mashine.) Na pamoja na hayo, breki inashika zaidi ukiwa umepumzika, na ukiwa unafanya kazi ileile uliyokuwa unaifanya mwanzo, mwili unamwaga mafuta pungufu kuliko mwanzo. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha mapigo ya chini kinatokana na vagasi na kiasi gani kinatokana na moyo wenyewe, kuna timu ya Manchester mwaka 2014 ilionyesha kwa panya waliofanyishwa mazoezi kwamba kile kijisehemu cha umeme chenyewe kinabadilika, hata ukizuia neva bado mapigo yanabaki chini. Nadhani vyote viwili vipo. Kwa mkimbiaji wa kawaida cha kuchukua hapo ni kwamba namba ya asubuhi peke yake haitoshi kukuambia neva zinafanyaje, lazima uangalie na mapigo yanavyoshuka baada ya zoezi. Tutafika huko.

Kimoja ambacho hakibadiliki ni kilele. Mapigo ya juu kabisa unayoweza kufika hayapandi kwa mazoezi, yanashuka polepole kwa umri na yanaweza hata kushuka kidogo ukizoea mazoezi. Mtu akikuambia "nimefanya mazoezi sana sasa hivi nafika 195" hajaelewa.

Kupima asubuhi

Amka, usishike simu kwanza, usiinuke. Kama mkojo umekubana nenda, halafu rudi ulale chali dakika mbili tatu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya mzizi wa dole gumba, pale panapodunda. Usitumie dole gumba kupimia maana lenyewe lina mdundo wake utahesabu wako mara mbili. Hesabu dakika nzima. Watu wanapenda kuhesabu sekunde 15 wazidishe mara nne, lakini ukikosea pigo moja umekosea manne, na sisi tunatafuta tofauti ya mapigo matatu manne tu, kwa hiyo dakika nzima. Andika. Kama unapima shingoni gusa upande mmoja tu, kwa wepesi, usibane pande zote mbili kwa pamoja, pale kuna vihisio vya presha na ukivikandamiza unaweza kuzimia.

Ukiwa unahesabu utagundua kitu, mapigo hayaendi sawasawa kama mashine. Ukivuta pumzi yanakaribiana, ukitoa pumzi yanaachana. Usiogope. Hiyo ni vagasi inafanya kazi, inaachia kidogo unapovuta hewa na inashika unapoitoa, na kwa vijana na watu wenye mazoezi tofauti huwa kubwa mpaka unaihisi kwenye vidole. Zile saa zinazokupa namba ya "HRV" kila asubuhi zinapima hiyohiyo, tofauti ya muda kati ya pigo na pigo kwa milisekunde. Ikiwa juu kwa kiwango chako, breki iko vizuri. Neno la muhimu ni kwa kiwango chako, usilinganishe na ya rafiki yako, kuna mtu mzima kabisa na afya yake ana 30 na mwingine ana 110 na wote wako sawa.

Pima wiki mbili bila kubadilisha chochote kwenye maisha, upate wastani wako. Mtu mzima wa kawaida yuko kati ya 60 na 100, wakimbiaji wengi wazuri wako kwenye 40 na kitu, na yule mwendesha baiskeli wa Hispania Miguel Indurain aliyeshinda Tour de France mara tano mfululizo iliripotiwa alikuwa na 28. Usiifukuzie hiyo. Mtu anayeanza kutoka sifuri, akikimbia vizuri miezi mitatu, atashusha mapigo machache tu, matatu, matano, wengine zaidi kidogo, na wengine karibu hayashuki kabisa ingawa pumzi imeongezeka sana, ni urithi wa mwili. Kwa wadada, jueni kwamba baada ya yai kutoka mpaka karibu na siku zenu mapigo ya asubuhi yanapanda kidogo yenyewe, kwa hiyo linganisha wiki ya mzunguko huu na wiki hiyohiyo ya mzunguko uliopita, usije ukafikiri umeshuka kiwango.

Kukimbia taratibu, na ni taratibu kweli

Hapa ndo wengi tunapishana. Mtu anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anakimbia kilomita tano kwa nguvu zake zote, anarudi amelowa, anajisikia amefanya kazi, kesho hivohivo, keshokutwa hivohivo, baada ya mwezi goti linauma na mapigo ya asubuhi yamepanda badala ya kushuka, anaacha. Tatizo ni kwamba kila siku alikuwa anamwaga mafuta na breki haikupata nafasi ya kurudi.

Kuna utafiti wa Stephen Seiler, Mmarekani anayefundisha Norwe, wa mwaka 2007, uliopima neva za moyo za wakimbiaji baada ya mazoezi ya aina mbalimbali. Wale waliozoea sana wakikimbia taratibu, chini ya ile hatua ambayo pumzi inaanza kubadilika, hata wakikimbia saa moja au masaa mawili, vagasi ilirudi kwenye hali yake ndani ya dakika tano mpaka kumi. Wakikimbia kwa kasi juu ya ile hatua, hata kwa muda mfupi zaidi, ilichelewa nusu saa na zaidi. Na cha kushangaza, mara ukishavuka ile hatua, haikuleta tofauti kubwa kama umevuka kidogo au sana. Kwa hiyo ile kasi ya katikati ambayo wengi tunaipenda, siyo taratibu siyo kali, inakugharimu kwenye neva karibu sawa na kasi kali kabisa, lakini haikupi faida ya kasi kali. Mimi hilo tu lingetosha kunibadilisha mwendo.

Waangalie Wakenya. Eliud Kipchoge, yule aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kambini kwao Kaptagat kwa kocha Patrick Sang siku ngumu zilikuwa Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi kubadilisha kasi, na siku zilizobaki wanakimbia taratibu. Ukienda Iten asubuhi utawaona watu wenye medali wanaanza kwa mwendo ambao wewe na mimi tungeweza kukaa nao dakika kumi za kwanza tukipiga stori. Hawana aibu ya kwenda polepole. Sisi wa Coco Beach ndo tunaona aibu akitupita mtu.

Sasa taratibu ni ipi? Kipimo bora ni mdomo. Uweze kusimulia mechi ya jana ya Simba na Yanga, sentensi nzima nzima, bila kukatisha maneno kutafuta hewa. Ukianza kujibu "ndio" na "hapana" umeshavuka. Ukitaka namba, chukua 208 utoe asilimia 70 ya umri wako, mtu wa miaka 40 anapata 208 toa 28, yaani 180 hivi kama kilele chake, na taratibu ni kati ya asilimia 60 na 75 ya hapo, kwa hiyo 108 mpaka 135. Ila hiyo hesabu inaweza kukosea mapigo kumi au zaidi juu au chini kwa mtu mmoja mmoja, hesabu na mdomo vikipingana amini mdomo.

Kwa anayeanza, taratibu maana yake ni kukimbia dakika mbili na kutembea dakika moja, au hata kutembea kwa kasi tu. Hakuna ubaya wowote. Mapigo yako yakiwa 150 ukijogi kidogo tu basi moyo wako bado mdogo wa kujaza, utakua, mpe muda. Anza siku nne kwa wiki, nusu saa nusu saa. Kila wiki ongeza dakika chache kwenye siku moja mpaka upate siku moja ya saa nzima. Kaa hapo wiki sita mpaka nane bila kugusa kasi yoyote, najua inachosha akili kuliko miguu lakini kaa hapo. Baada ya hapo weka siku moja ngumu kwa wiki, mfano dakika nne kwa nguvu ya kuhema, dakika tatu kutembea au kujogi, rudia mara nne. Siku moja, siyo tatu. Ukiwa unakimbia mara tano kwa wiki, nne taratibu moja ngumu, huo ndo mgawanyo ambao hata wakubwa wanaukaribia.

Kwa wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, joto linabadilisha kila kitu. Ukikimbia saa moja kwa kasi ileile, mapigo yanapanda polepole yenyewe hata kama hujaongeza mwendo, sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili na maji yanapungua kwa jasho, moyo unapata damu kidogo ya kujaza kwa hiyo unaongeza mapigo. Ukiona saa inasema 150 wakati mwanzo ilikuwa 132 kwa mwendo uleule, punguza mwendo mpaka irudi, usishindane na jua. Alfajiri kabla halijatoka ni bora mara kumi. Na ukisafiri kwenda milimani, Arusha iko kama mita 1,400 na Iten kama 2,400, siku za kwanza simpathetiki inapanda kwa ajili ya hewa nyembamba na mapigo ya asubuhi yatapanda nayo, wiki ya kwanza kimbia kama mgeni.

Ile dakika ya kwanza baada ya kusimama

Hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote maana kinaiangalia breki yenyewe. Unakumbuka vagasi ni ya haraka na simpathetiki inachelewa? Basi ukisimama kukimbia, mapigo yanayoshuka kwenye sekunde 60 za mwanzo yanashuka kwa sababu breki imekanyagwa, mafuta bado yapo kwenye damu. Mtu mwenye breki nzuri anashuka mapigo 25, 30, 40 kwa dakika moja. Mwaka 1999 madaktari wa Cleveland Clinic kule Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya elfu mbili waliopimwa kwenye mashine ya kukimbia, na wale ambao mapigo yao yalishuka 12 au pungufu kwenye dakika ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki kwenye miaka iliyofuata kuliko wengine. Hiyo ilikuwa kwa wagonjwa na kwa kipimo cha hospitali, wao walikuwa wanatembea taratibu wakipoa badala ya kusimama, kwa hiyo usijitishe na namba moja uliyoipata barabarani.

Unafanya hivi. Mara moja kwa wiki, njia ileile, muda uleule wa siku, kimbia dakika tano za mwisho kwa kasi ya kuhema kiasi. Ukifika mwisho angalia mapigo, kama huna saa hesabu sekunde 10 zidisha mara sita hapa inaruhusiwa maana ukihesabu dakika nzima yatakuwa yameshashuka. Endelea kutembea mdogomdogo, usisimame tuli. Dakika moja ikitimia hesabu tena. Andika tofauti. Kila wiki hivohivo. Mimi naamini ukiona hiyo tofauti inakua kutoka 18 kwenda 24 kwenda 30 ndani ya miezi kadhaa, umepata ushahidi mzuri kuliko mizani yoyote, hata kama tumbo bado lipo palepale.

Na hilo la kutosimama tuli siyo mapambo. Ukikimbia mishipa ya miguuni imefunguka, ukisimama ghafla misuli inaacha kusukuma damu kurudi juu, damu inabaki miguuni, presha inashuka, mtu anaanguka kwenye mstari wa kumalizia watu wanadhani amekufa. Tembea dakika tano mpaka kumi.

Kuna na kipimo cha kusimama kutoka kitandani, kizuri kwa siku unayojisikia hueleweki. Hesabu ukiwa umelala, simama, subiri dakika moja, hesabu tena. Wengi wanapanda mapigo 10 mpaka 20. Ukijua yako ya kawaida ni 14, na leo imekuwa 28, kuna kitu, mara nyingi ni maji yamepungua au hujalala.

Namba ikipanda ufanye nini

Hapa ndo daftari linalipa. Asubuhi ukikuta mapigo yamepanda matatu manne juu ya wastani wako, puuza, endelea. Yakipanda kama matano mpaka saba, siku hiyo kama ilikuwa ngumu igeuze iwe taratibu. Yakipanda kumi na zaidi, pumzika, na ujiulize jana kulikuwa na nini. Mara nyingi jibu ni usingizi, au bia, pombe inaufanya moyo ukimbie usiku kucha wakati wewe unajiona umelala fofofo. Msiba nyumbani, madeni, mkopo, hivo pia vinaonekana kwenye mapigo, simpathetiki haijui kutofautisha simba na mwenye nyumba.

Lakini huku kwetu kuna sababu moja lazima uiweke mbele, nayo ni homa. Joto la mwili likipanda nyuzi moja mapigo yanapanda kama kumi hivi, na mara nyingi namba inaanza kupanda kabla hujajisikia vibaya sana. Mapigo yamepanda kumi, mwili unauma uma, usiseme nitatoa kwa jasho. Nenda kapime malaria. Na usikimbie kabisa ukiwa na homa ya aina yoyote, kuna virusi vinavyoweza kuingia kwenye msuli wa moyo na kuuvimbisha, na mtu akikimbia na moyo huo anaweza kuanguka na asiamke. Hilo halina mjadala.

Ikiwa namba imekaa juu wiki nzima, usingizi haupo, hamu ya kukimbia imeisha na kasi imeshuka ingawa unajituma zaidi, umejizidishia. Wiki moja au mbili za kutembea tu. Kuna na upande wa pili unaowachanganya watu, aliyejichosha kwa mazoezi mengi sana ya muda mrefu mapigo yake yanaweza kuwa chini kuliko kawaida, na akikimbia hayataki kupanda, miguu mizito. Hiyo siyo breki nzuri, ni uchovu. Kwa hiyo siyo kila kushuka ni sifa.

Pumzi

Kifupi tu. Jioni kabla ya kulala kaa au lala, vuta hewa kwa pua sekunde nne, toa sekunde sita, dakika kumi. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, na kwa watu wengi hapo ndo tofauti ya mapigo kati ya kuvuta na kutoa inakuwa kubwa kabisa, maana pumzi inaenda sambamba na vile vihisio vya presha vya shingoni. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba watu wakisali rozari kwa Kilatini wanajikuta wanapumua karibu na hiyo sita kwa dakika bila kuambiwa. Haitachukua nafasi ya kukimbia, ila inakusaidia ulale, na usingizi ndo unaorudisha breki.

Ukiacha

Inapotea haraka kuliko ilivyokuja. Ile damu iliyoongezeka inaanza kupungua ndani ya siku chache, na wiki mbili tatu bila zoezi mapigo yanaanza kupanda kwa kazi ileile. Mwaka 1966 kule Dallas walilaza vijana watano kitandani wiki tatu, uwezo wao wa kutumia hewa ukashuka zaidi ya robo. Walipowapima haohao baada ya miaka 30, wakiwa na miaka 50, zile wiki tatu za kitandani zilikuwa zimewashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Halafu wakapewa miezi sita ya mazoezi kama kukimbia na baiskeli, ya taratibu, na wakarudi karibu na walipokuwa ujanani. Kwa hiyo ukiwa na safari au mwezi wa kazi nyingi, au Ramadhani, usiache kabisa, hata dakika 20 mara tatu kwa wiki zinashikilia mengi. Kwa anayefunga, muda mzuri ni baada ya futari ukishakunywa maji ya kutosha, mchana ukiwa na kiu mapigo yatakudanganya.

Wa kuwa makini

Mapigo ya 45 kwa mtu anayekimbia na anajisikia vizuri hayana shida. Mapigo ya 45 kwa mtu asiye na mazoezi, au kwa yeyote mwenye kizunguzungu, kuzimia, kuishiwa pumzi, hayo ni ya daktari na kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Kuzimia katikati ya mbio, siyo baada ya kusimama, katikati, ni dharura, na kifua kubana ni dharura, na kama kwenye ukoo kuna mtu alianguka akafa ghafla akiwa kijana pima kwanza kabla hujaanza siku ngumu. Wanaokimbia mbio ndefu miaka mingi na kwa ushindani nao wajue kitu, kule Sweden waliwafuatilia watu zaidi ya elfu hamsini wa mashindano ya ski ya Vasaloppet, wakakuta waliomaliza mara nyingi na kwa kasi zaidi walikuwa na matatizo mengi zaidi ya mapigo kwenda ovyo. Ukihisi moyo unaruka ruka bila mpangilio, na haufuati pumzi, kapime.

Na mwisho wenye dawa za presha. Kama unameza atenolol, propranolol, bisoprolol au ndugu zake, hizo dawa zinafunga mlango wa simpathetiki kwenye moyo, mapigo hayatapanda kama ya wenzako hata ukikimbia mpaka uchoke, kwa hiyo hesabu zote za asilimia nilizoandika hapo juu haziko kwa ajili yako na ukizifuata utajiumiza. Wewe tumia mdomo tu, ongea ukikimbia, ukishindwa kumaliza sentensi punguza mwendo, na dawa usiiache kwa sababu umeona mapigo ya asubuhi yameshuka, hilo aamue daktari aliyekuandikia akishaona presha yako ya wiki kadhaa.